Wauguzi na Wazazi Waliofiwa na Mtoto Mchanga

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya msiba ambao aghalabu hausemwi. Mtu mzima akifa, kila mtu ajua la kufanya. Majirani huja, moto huwashwa uani, matanga hukaliwa, na mwenye kufiwa huketi mkekani akapewa mkono wa pole. Lakini mtoto akizaliwa amekufa, au akiishi saa chache tu kisha akafa, mambo huwa mengine. Mtoto huzikwa upesi, pengine mama yake angali amelala hospitali. Nguo alizotayarishiwa hufichwa. Watu humwambia mama, “Nyamaza, usilie, utapata mwingine.” Na baada ya juma moja hakuna amtajaye mtoto yule tena, kana kwamba hakuwako.

Wahenga walisema, Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema mwana aliyekwisha kutembea, wala mwana aliyekwisha kusema; walisema mwana tu. Mama amemchukua miezi saba, au minane, au tisa. Amemsikia akicheza tumboni, na moyoni mwake amekwisha kumpa jina. Baba naye amekwisha kuweka akiba na kuwaza atamsomesha wapi. Kwa wazazi hawa mtoto alikuwako, na sasa hayuko.

Wala msiba huu si wa watu wachache. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, katika mwaka 2023 watoto wapata milioni 1.9 duniani walizaliwa wamekufa, mimba zao zikiwa zimetimiza majuma 28 au zaidi. Na wengine wapata milioni 2.3 walizaliwa hai wakafa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Katika hesabu ya afya iliyofanywa Tanzania mwaka 2022, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 24 walikufa kabla ya mwezi kwisha. Na Kenya mwaka ule ule walikuwa 21. Basi katika kila mtaa na kila usharika wako wazazi wenye kaburi dogo mioyoni mwao, hata kama hatuwajui.

Mtu wa kwanza kusimama karibu nao katika saa ile si mchungaji, wala mwalimu, wala jamaa. Ni mwuguzi au mkunga. Kwa hiyo twataka kueleza afanyalo mwuguzi mwema, na kwa nini alifanya, ili nasi wa nyumbani tuweze kuipokea kazi yake mama akirudi. Neno letu ni moja. Mwuguzi hawezi kuuondoa msiba, wala hapaswi kuuficha. Kazi yake ni kuwapa wazazi kweli, na nafasi, na hiari, wapate kumlilia mtoto wao kama watu wanavyowalilia watoto wao.

JINSI WATU WALIVYOJIFUNZA

Mengi wanayofundishwa wauguzi siku hizi juu ya jambo hili yalitoka kwanza katika nchi za Ulaya na Marekani, kwa hiyo tuanze huko, kisha tutarudi kwetu.

Kwa miaka mingi katika hospitali za nchi hizo mtoto mfu aliondolewa upesi, akafunikwa, mama asimwone. Hospitali ilishughulika na maziko, na wako wazazi ambao hawakuambiwa hata mtoto wao alizikwa wapi. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walidhani ya kuwa mama asipoona, hatakuwa na la kukumbuka, na asipokuwa na la kukumbuka, atapona upesi.

Mwaka 1968 daktari mmoja wa London, Stanford Bourne, aliandika habari za madaktari waliowatibu mama wa namna hii. Aliona jambo la ajabu. Madaktari wale walikuwa kama hawataki kujua, wala kuona, wala kukumbuka lolote juu ya mama aliyezaa mtoto mfu. Msiba uliwashinda hata wao. Mwaka 1970 madaktari wa Cleveland, katika Marekani, walitangaza habari za mama 20 waliofiwa na watoto wachanga. Wakaonyesha ya kuwa mama hao waliomboleza kweli kweli, hata wale ambao watoto wao waliishi muda mfupi sana. Kisha mwaka 1976 Emanuel Lewis, naye daktari wa London, akaandika kwamba mzazi hupata taabu ya namna yake katika kumwomboleza mtu ambaye hakumwona, asiye na sura wala jina wala kaburi. Akashauri wazazi wasaidiwe kumwona mtoto, kumshika, kumpa jina, na kumzika.

Baada ya hapo mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 1977, katika hospitali ya St. John's mjini Springfield, jimbo la Illinois, sista mmoja wa Kikatoliki, Jane Marie Lamb, alisaidia kuanzisha chama cha wazazi waliofiwa na wachanga, kiitwacho Share. Mwaka 1978 wazazi wa Uingereza wakaanzisha chama chao, ambacho leo huitwa Sands. Na mwaka 1988 Rais Ronald Reagan wa Marekani alitangaza mwezi wa Oktoba kuwa mwezi wa kuwakumbuka wazazi hao. Siku hizi watu wa nchi nyingi huiadhimisha tarehe 15 Oktoba kwa kuwasha mishumaa.

Lakini mwanadamu akiacha kosa la upande mmoja, huweza kuangukia la upande wa pili. Zikawako hospitali ambazo mama alisukumwa amshike mtoto, apende asipende, kwa kuwa ndiyo dawa. Mwaka 2002 utafiti wa Uingereza uliotangazwa katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet uliwatazama mama 65 waliozaa mtoto mfu kisha wakachukua mimba nyingine. Wale waliomshika mtoto walionekana kuwa na majonzi mengi zaidi kuliko wale ambao hawakumshika. Wengine wakauliza, Je, basi turudi kule kuficha? Walakini huko Sweden utafiti wa mama 380, uliotangazwa mwaka 1996, ulikuwa umeonyesha ya kuwa wasiopewa nafasi ya kukaa na mtoto kwa kadiri walivyotaka ndio walioumia zaidi baadaye. Na kadhalika wale waliokawizwa zaidi ya siku moja tangu kuambiwa mtoto amekufa hata kuanza kuzalishwa, na wale wasiobaki na kitu chochote cha kumkumbukia mtoto.

Fundisho walilolipata wauguzi katika hayo ni hili: wasimfiche mtoto, wala wasimlazimishe mama. Wamwulize. Kisha wangoje jibu lake, na jibu hilo waliheshimu. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walipatana juu ya kanuni nane za kuwatunza wazazi waliozaa mtoto mfu. Kati yake zimo hizi: kuondoa aibu iliyowekwa juu yao, kukubali ya kuwa majonzi yao ni makubwa, kuamua mambo pamoja nao, na kufanya bidii kutafuta sababu ya kifo.

AFANYALO MWUGUZI MWEMA

Tuseme mama amefika hospitali. Mtoto hachezi tangu jana. Amepimwa, na moyo wa mtoto hausikiki.

Kwanza, husema kweli. Akiisha kuhakikisha pamoja na daktari, humwita mume au jamaa aliyemsindikiza, akaketi kwenye kiti, asiseme akiwa amesimama mlangoni. Hutumia maneno ambayo hayana maana mbili. Akisema, “Hali si nzuri,” mama atatumaini. Akisema, “Tumempoteza,” pengine mama atauliza amepotelea wapi. Heri aseme kwa sauti ya upole, “Mama, pole sana. Mtoto wako amekufa.” Kisha hunyamaza, wala haondoki. Na kwa kuwa mtu aliyepigwa na habari kama hiyo hasikii sana yasemwayo baadaye, mwuguzi huyarudia tena na tena, bila kuchoka.

Pili, humtafutia mahali. Hakuna adhabu kubwa kwa mama aliyefiwa kama kulazwa kati ya mama wanaonyonyesha, akisikiliza vilio vya wachanga usiku kucha. Penye chumba cha peke yake humpa. Pasipo na chumba humpa kitanda cha pembeni na kuvuta pazia. Tena huweka alama kwenye cheti chake, ili mwuguzi wa zamu ya pili asije akamwuliza kwa furaha, “Mtoto yuko wapi?”

Tatu, humpa hiari ya kumwona mtoto. Kabla ya kumleta, huwaeleza wazazi watakachokiona: kwamba mwili umepoa, kwamba rangi imebadilika, kwamba labda ngozi imeambuka. Humsafisha mtoto, humvika nguo aliyotayarishiwa au kumfunga katika kanga safi, akamchukua mikononi kama wachukuliwavyo watoto wengine wote. Mama akikataa, hakasiriki. Baada ya saa chache humwuliza tena, maana moyo hugeuka. Katika hospitali za nchi tajiri kuna kitanda kidogo chenye kupozwa kwa maji baridi, ambacho huwawezesha wazazi kukaa na mtoto siku kadhaa. Kwetu hakipatikani mahali pengi, na nchi ni ya joto. Kwa hiyo mwuguzi huwaambia wazazi wazi ni saa ngapi wanazo, ili wasije wakajuta baadaye.

Nne, huwasaidia kupata kumbukumbu, ikiwa wanataka. Alama ya unyayo katika wino juu ya karatasi. Kishungi cha nywele. Kitambulisho cha mkononi. Kofia ya sufu. Picha iliyopigwa kwa simu ya baba. Vitu hivi havina bei, lakini miaka kumi baadaye ndivyo vitakavyosema kwamba mtoto yule alikuwako. Pasipo ruhusa ya wazazi mwuguzi hapigi picha, wala hakati unywele.

Tano, huwauliza juu ya jina na sala. Mtoto akiwa hai lakini yu karibu kufa, mwuguzi hauchelewi wito wa kumwita padre au mchungaji. Na makanisa mengi humruhusu mwuguzi mwenyewe kumbatiza mtoto penye hatari ya kufa. Mtoto akiwa amekwisha kufa, wazazi wengi watamani apewe jina na aombewe kabla ya maziko. Tena yako madhehebu na dini mbalimbali katika wodi moja. Mwuguzi mwema huuliza, hakisii.

Sita, huutunza mwili wa mama. Hili husahauliwa sana. Mtoto amekufa, lakini mwili wa mama haujui. Siku ya pili, au ya tatu, au ya nne, maziwa hujaa. Wako mama waliosema baadaye kwamba saa ile iliwaumiza kuliko maziko yenyewe, kwa sababu hakuna aliyewaonya. Basi mwuguzi humwambia mapema. Avae sidiria imara isiyobana mno. Aweke kitambaa cha maji baridi. Maumivu yakizidi akamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza, maana akikamua yote mwili utaleta mengine. Na dawa ya maumivu atapewa. Titi likiwa jekundu, lenye moto, na homa ikipanda, arudi hospitali upesi. Vivyo hivyo akitokwa na damu nyingi, au uchafu wenye harufu mbaya, au akiumwa sana na kichwa na kuona giza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, lashauri mama aliyejifungua atazamwe katika siku ya kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na tena katika juma la sita. Mama aliyefiwa aghalabu haji. Adhani ya kuwa kliniki ni ya wenye watoto. Sharti aambiwe kwamba siku zile ni zake pia.

Saba, humweleza sababu, ikijulikana. Katika hesabu iliyotangazwa mwaka 2020, zaidi ya 40 katika kila watoto 100 waliozaliwa wamekufa duniani walikufa wakati wa uchungu wenyewe, na wengi wao wangaliweza kuokolewa kwa matunzo mazuri ya wakati wake. Wengine hufa kwa sababu ya shinikizo la damu la mama, au kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati, au malaria, au kaswende, au kisukari. Wengine sababu yao haionekani hata baada ya kupimwa. Kuyaeleza haya si jambo dogo, kwa kuwa mahali pasipo na maelezo huingia uchawi na lawama. Mama mkwe atasema mke ana mkosi. Majirani watasema alikula kilichokatazwa. Na ndoa imeweza kuvunjika kwa maneno hayo. Mwuguzi akisema mbele ya mume na mama mkwe, “Huyu mama hakufanya kosa lolote,” neno hilo moja huweza kuiokoa nyumba.

Nane, humkumbuka baba. Baba hupewa karatasi za kutia sahihi, na gharama za gari, na kazi ya kutafuta mahali pa kaburi. Watu humwuliza, “Mama hajambo?” Hakuna amwulizaye habari zake mwenyewe. Naye kwa kuwa ameambiwa mwanamume halii, hulia usiku, au hukimbilia ulevi. Mwuguzi mwema humpa kiti kando ya kitanda, akamwuliza naye kama ataka kumshika mtoto wake.

PENYE MILA ZETU

Msomaji mmoja atasema, Hayo ni ya kigeni. Kwetu mama haendi kaburini, wala mtoto mfu haonyeshwi. Ni kweli kwamba mila zetu zina neno juu ya jambo hili. Mwaka 2015 ulitangazwa utafiti kutoka vijiji vya mashariki ya Uganda, na kichwa chake chasema ya kwamba watu hulia kimya. Mwaka 2021 ukatangazwa mwingine wa Uganda na Kenya, ukieleza jinsi mila na imani zinavyogusa maombolezo ya wazazi waliozaa mtoto mfu.

Mwuguzi mwema hazidharau mila. Nyingi zilianza kwa huruma: wazee waliogopa mama asije akavunjika moyo asizae tena, au bahati mbaya isije ikarudi nyumbani. Mama mwingine hupata faraja kuona shangazi na bibi zake wakiyachukua mambo yote mikononi mwao, yeye akapumzika. Kwa mama huyo kulazimishwa kumshika mtoto kungekuwa ukatili. Lakini yuko mama wa pili, aliye wa kabila lile lile na kijiji kile kile, ambaye atamani kumwona mwanawe mara moja tu, naye aona haya kusema mbele ya wakubwa. Ndiyo maana mwuguzi humwuliza akiwa peke yake. Kisha akirudi kwa wazee huwaambia kwa adabu, “Bibi, mwanenu ameomba kumwona mtoto kabla hamjamchukua. Mwampa ruhusa?” Si mara nyingi bibi atakataa, maana pengine naye alizika mchanga zamani, na hakuna aliyemwuliza.

MZIGO WA WAUGUZI WENYEWE

Twajua pia ya kuwa wodi zetu zimejaa na wauguzi ni wachache. Mkunga mmoja aweza kuwa na mama wengi usiku mmoja. Mmoja amefiwa, na wa kitanda cha pili kichwa cha mtoto kimekwisha kuonekana. Hawezi kukaa saa nzima. Lakini katika hayo tuliyoyataja, mengi hayahitaji saa wala fedha: kuketi badala ya kusimama, kusema “amekufa” kwa upole, kumfunga mtoto katika kanga safi, kuuliza jina lake, kumruhusu baba kuingia. Dakika tano zikitumiwa hivyo, mama atazikumbuka maisha yake yote. Na dakika tano za ukali atazikumbuka vile vile.

Nao wauguzi huumia. Yule aliyempulizia mtoto pumzi nusu saa bila mafanikio, akamweka chini, akanawa mikono, akaenda kwa mama mwingine akitabasamu, huyo anao msiba usio na matanga. Wakubwa wa hospitali wafanya vema wakiwapa wauguzi wao nafasi ya kuyasema hayo kwa wenzao. Nasi tukikutana nao njiani tusiwe wepesi wa kuwalaumu, bali tuwape shukrani wanayostahili.

KAZI ILIYO YETU

Mwuguzi humtunza mama siku mbili au tatu. Baada ya hapo mama hupewa kifurushi chake, akarudi nyumbani mikono mitupu. Hapo ndipo kazi inapokuwa yetu, enyi wa nyumbani.

Wasomaji wetu waijua habari ya rafiki za Ayubu. Walifanya vema kwa muda wa siku saba, walipoketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua vinywa vyao ndipo walipoharibu. Basi tujihadhari na maneno yetu. Tusiseme, “Utapata mwingine,” kwa kuwa mama hataki mwingine, amtaka huyu. Tusiseme, “Afadhali hukumzoea,” maana alimzoea miezi tisa. Tusiseme, “Mungu alimhitaji kuliko wewe,” maana twaweza kumfanya mama amwogope Mungu katika saa ile anayomhitaji. Tuseme, “Pole, mama fulani,” tukitaja jina la mtoto ikiwa alipewa. Kisha tufue nguo, tuteke maji, tupike uji, tuwaogeshe watoto wakubwa. Wahenga walisema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana auonaye kwa mbali auona mwepesi. Tukiutia mkono ndipo tutakapojua uzito wake.

Tusizifiche nguo za mtoto bila kumwuliza mama. Labda ataka kuzifua na kuzikunja yeye mwenyewe. Siku ya mwaka ikitimia, tukumbuke. Salamu moja siku ile ni zaidi ya salamu mia siku ya maziko.

Tuwaambie kweli watoto wa nyumbani. Tusiwaambie kwamba mdogo wao “amelala,” wasije wakaogopa kulala. Wala “amesafiri,” wasije wakamngoja barabarani. Waambiwe ya kuwa alikufa, na ya kuwa hawakufanya kosa. Watoto wengine hudhani walimwua kwa kuwa waliona wivu. Nanyi walimu, mwanafunzi aliyefiwa na mdogo wake akianza kusinzia darasani, au kupigana, au kushindwa hesabu alizozijua, msimkimbilie kwa fimbo. Mwiteni kando mkamwulize.

Tena walimu wengine ni mama waliofiwa wenyewe, na wakuu wa shule yafaa wajue sheria. Katika Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na mtoto akifa kabla ya kutimiza mwaka mmoja tangu kuzaliwa, humpa mama siku nyingine 84. Mama asirudishwe darasani juma la pili kwa kuambiwa kwamba hana mtoto wa kunyonyesha.

Majonzi si ugonjwa, nayo hayana siku iliyowekwa ya kukoma. Huja na kwenda kama mawimbi. Lakini mama, au baba, akikosa usingizi majuma mengi, akikataa chakula, akisikia sauti wasizozisikia wengine, au akisema kwamba heri afe naye, hapo sharti apelekwe hospitali siku ile ile, wala asiachwe peke yake. Na akichukua mimba nyingine, hofu itarudi pamoja nayo. Aende kliniki mapema, awaeleze wauguzi yaliyompata, na asichekwe akienda mara nyingi kuuliza kama moyo wa mtoto wapiga.

Basi, wapenzi, labda katika mtaa wenu yuko mama ambaye mtoto wake hajatajwa na mtu tangu siku ile alipozikwa. Mwendeeni juma hili. Msiende na hotuba. Ketini naye, mkamwulize jina la mwanawe, kisha mnyamaze mkamsikilize.